Farasi mweupe wa harusi: huyu wa kijivu atakuwa mweupe kweli, na yule wa pua ya pinki je?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Arusha, nalifupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Nataka kununua farasi mweupe niwe namkodisha kwenye maharusi na mapicha. Muuzaji anao wawili. Wa kwanza ana miaka minne, ana madoa ya kijivu mwili mzima, muuzaji anasema ndani ya miezi sita atakuwa mweupe pee. Wa pili mweupe tangu azaliwe, pua ya pinki, bei iko juu zaidi. Rafiki yangu kaniambia farasi weupe hawapo duniani wote ni wa kijivu, na mzee mmoja wa kanisa kanionya kuwa farasi mweupe ni wa Ufunuo, sio kitu cha kuchezea harusini. Nimechanganyikiwa, nimnunue yupi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo na yote yanaingiliana, ila hilo la miezi sita tulimalize sasa hivi: sio kweli. Farasi wa miaka minne mwenye madoa ya mviringo mwili mzima huyo mpe miaka, wengi weupe unakamilika kuanzia miaka sita mpaka kumi hivi, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo. Kama muuzaji anafuga farasi muda mrefu basi hilo analijua vizuri tu, kwa hiyo na mengine atakayokuambia yapime.

Sasa kuhusu rafiki yako. Kasema kitu ambacho watu wa farasi wanakisema kila siku na ana haki kwa sehemu kubwa. Karibu kila farasi mweupe uliyewahi kumuona kwenye sinema au kwenye picha za wafalme alizaliwa mweusi, au kahawia, au mwekundu. Anazaliwa na rangi yake kamili kama mtoto yeyote wa farasi, ila ana jeni inayomfanya aanze kuota mvi akiwa bado mdogo. Ukimchunguza wiki za mwanzo unaona nywele chache nyeupe zimezunguka macho, zinasambaa usoni, mwaka wa pili wa tatu anakuwa rangi ya chuma, halafu yanatokea hayo madoa ya mviringo ambayo ndio hatua aliyopo huyo wako, kisha madoa yanafifia, miguu na singa mara nyingi zinachelewa, mpaka siku moja unaangalia unaona manyoya yote meupe. Na wengine wakishafika hapo wanaanza kutoa vidoti vidogo vyekundu au vya kahawia mwili mzima, ukiwa mbali huvioni lakini kamera ya mpiga picha wa harusi inaviona, tena havifutiki, vinaweza hata kuongezeka. Kwa hiyo hata ukisubiri hiyo miaka hakuna anayeweza kukuahidi utapata weupe ule unaoufikiria.

Wataalamu wa farasi huyo wanamwita wa kijivu hata kama manyoya yote ni meupe, manake wanaangalia ngozi. Ngozi ya chini inabaki nyeusi. Kupima ni rahisi sana, nenda na sponji na ndoo ya maji, mloweshe ubavuni kiasi cha mikono miwili, manyoya yakishalala utaona pale palipolowa pamegeuka rangi ya bluu iliyokoza coz unaiona ngozi kupitia manyoya, halafu angalia pua, midomo, kope, chini ya mkia, kote kweusi. Mweupe wa kweli ukimlowesha anakuwa pinki.

Hii jeni imechunguzwa vizuri tu. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na timu ya chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba kuna kipande cha DNA kimejirudia ndani ya jeni inayoitwa STX17, na farasi wote wa kijivu waliowapima, wa mataifa na aina tofauti tofauti, wana kipande hicho hicho, yaani wote wametokana na farasi mmoja wa zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita. Halafu mwaka 2024 ikatoka kazi nyingine ikionyesha kwamba wale wanaoota mvi haraka kipande kimejirudia mara tatu na wale wa polepole mara mbili tu. Nikikwambia subiri miaka sita au kumi sio nakwepa kutoa jibu, hiyo tofauti iko kwenye damu.

Kitu kingine cha kukusaidia hapo ni kwamba jeni hii hairuki kizazi. Farasi wa kijivu lazima baba au mama yake awe wa kijivu. Muuzaji akikuonyesha wazazi wote wawili wekundu halafu anakwambia huyu wa kijivu ni mtoto wao, hao sio wazazi wake.

Mfano mzuri kuliko yote ni wale farasi wa Vienna, Austria, wanaocheza kwa muziki kwenye ukumbi wenye taa kubwa za kuning'inia, nina uhakika umewaona kwenye simu. Wanaitwa Lipizzaner, jina limetoka Lipica, kijiji ambacho sasa kiko Slovenia, ambako ukoo wa kifalme wa Austria ulianzisha shamba la kuzalisha farasi mwaka 1580. Zamani walikuwa wa kila rangi, weusi, wekundu, hata wa mabaka, ila familia ya kifalme ikawa inapenda wa kijivu basi kila kizazi wakachagua hao hao mpaka leo karibu wote wanaishia weupe. Na watoto wao ukienda shambani utawakuta weusi na kahawia tii wanakimbia pembeni ya mama zao weupe, mtu asiyejua anaweza kudhani wamebadilishwa. Mara mojamoja anatokea mmoja anabaki kahawia maisha yake yote, na pale shule ya Vienna wana desturi ya kuwa na angalau mmoja wa namna hiyo, wanaamini analeta bahati.

Ila rafiki yako akisema weupe hawapo kabisa hapo kazidisha. Wapo, wachache. Anazaliwa mweupe, ngozi ya pinki, macho mara nyingi ya kahawia ya kawaida tu, na anakufa mweupe. Wengi wao inatokana na mabadiliko kwenye jeni nyingine inaitwa KIT, na mabadiliko hayo yako ya aina nyingi, mengine yanazuka upya kwa farasi mmoja tu ambaye wazazi wake wana rangi ya kawaida. Japani wana ukoo wa namna hii kwenye mbio. Mwaka 1996 alizaliwa jike mweupe wakamwita Shirayukihime, baba yake Sunday Silence alikuwa karibu mweusi kabisa. Mjukuu wake, Sodashi, Desemba 2020 akawa farasi mweupe wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu kabisa, mwaka 2021 akashinda tena, 2022 tena. Watu walikuwa wananunua midoli yake. Huyo ni mweupe kweli kweli, mloweshe utakavyo.

Kuna na wa tatu wanaochanganya watu, wana rangi ya krimu iliyopauka sana na macho ya bluu, hao wana nakala mbili za jeni inayofifisha rangi, ngozi nayo imepauka kuelekea pinki. Kwenye picha utasema mweupe, ukimweka karibu na shela la bibi harusi unaona kumbe ni krimu. Na watu wanapenda kusema farasi albino, ila ualbino kamili kama tunaoujua kwa binadamu haujathibitishwa kwa farasi.

Kama una mawazo ya kuja kuzalisha, na vijana wengi wakishapata mmoja wanafikiria hivyo, basi hapa tulia usome taratibu. Kuna baadhi ya farasi wa mabaka, hasa wenye asili ya Marekani, wana jeni ambayo ukiwa na nakala moja unapata mabaka mazuri tu, ila ukipandisha wawili wenye nayo kuna uwezekano wa mmoja kwa wanne mtoto azaliwe mweupe pee na utumbo wake hauna mishipa ya fahamu, hawezi kupitisha kinyesi, tumbo linajaa, na anakufa ndani ya siku chache, hana dawa. Nakuambia wazi kwa sababu ni kifo kibaya na kinazuilika kabisa, kipimo kipo tangu miaka ya 1990 mwishoni, unang'oa nywele chache za singa zikiwa na mizizi yake zinapelekwa maabara. Usipandishe farasi wa mabaka na wa mabaka bila hicho kipimo, tafadhali.

Turudi kwa hao wawili wako.

Yule wa pua ya pinki tatizo lake ni jua. Arusha mko nyuzi tatu na kitu tu kusini ya ikweta, tena juu, kama mita 1,400 hivi, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi mnasahau kwamba jua ni kali. Ngozi isiyo na rangi inaungua, inaanzia kwenye pua na kuzunguka macho, inakuwa nyekundu, inabanduka, inapona, inaungua tena, na kwa miaka inaweza kugeuka saratani ya ngozi. Sisi Tanzania hili tunalijua kwa uchungu kupitia ndugu zetu wenye ualbino, farasi huyu sio albino lakini ngozi yake juani inateseka kwa namna ileile. Kwa hiyo ukimnunua lazima awe na banda lenye kivuli cha uhakika kuanzia asubuhi mpaka jioni, atoke malishoni alfajiri na jioni, apakwe krimu ya jua kwenye pua, avae barakoa ya wavu inayofunika macho na pua. Na harusi zenu mnapiga picha saa nane mchana kwenye bustani, sijui utamficha wapi. Kama ana macho ya bluu au kichwa chote cheupe mpime na masikio pia, maana baadhi ya aina za weupe zinaendana na uziwi, simama nyuma yake kwa mbali mahali asipokuona piga kofi moja uone masikio yanageuka au hapana. Farasi kiziwi anafugika vizuri tu, ila akiguswa ghafla na mtoto kwa nyuma anaweza kurusha teke, na harusini watoto hawakosekani.

Wa kijivu yeye jua halimsumbui sana kwa vile ngozi ni nyeusi, ila ana la kwake na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Jeni ileile inayoleta mvi inaleta uvimbe wa melanoma, yaani uvimbe mweusi unaotokana na seli za rangi za ngozi. Kwa farasi wa kijivu waliovuka miaka 15, makadirio yanayotumika sana ni kwamba asilimia 70 mpaka 80 wanao. Na hausababishwi na jua, ndio maana unatokea zaidi mahali jua halifiki, chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja kubwa, kwenye ala ya uume, midomoni, na nyuma ya taya kwenye tezi za mate. Mara nyingi unakua polepole sana, farasi anaishi nao miaka na anafanya kazi, lakini ukiachwa unaweza kuongezeka mpaka anapata shida kutoa kinyesi, na baadhi unaingia ndani ya mwili.

Kwa hiyo ukienda kumwona farasi yeyote wa kijivu usiishie kumwangalia uso na mwendo. Mtu amshike hatamu kichwani, wewe simama ubavuni karibu na paja, sio nyuma yake, weka mkono mgongoni uuteleze taratibu mpaka kwenye shina la mkia ili ajue upo, halafu nyanyua mkia kwa mkono mmoja na kwa vidole vya mkono wa pili papasa upande wa chini wa mkia kuanzia kwenye shina kushuka. Unatafuta vinundu vigumu, vyeusi, vingine vidogo kama punje ya pilipili manga, vingine vimeungana. Kisha tezi za nyuma ya taya, pande zote mbili, linganisha. Ukikuta kimoja viwili vidogo kwa farasi wa miaka kumi na mbili mimi binafsi sikatazi kununua, unapunguza bei na unaandika vipo wapi na ukubwa gani, kila baada ya miezi michache unapima tena. Ukikuta kundi kubwa, au kimepasuka kinatoa uchafu mweusi, acha. Vidogo daktari anaweza kuvitoa mapema kwa upasuaji na ni bora kuliko kusubiri vikue. Huyo wa miaka minne atakuwa msafi karibu kwa hakika, hilo sio sifa yake, ni umri tu.

Zuri moja la weupe ambalo wengi hawalijui. Watafiti wa Hungaria walichapisha mwaka 2010 kwamba wale nzi wakubwa wanaouma farasi na kunyonya damu wanavutwa zaidi na farasi weusi na kahawia kuliko weupe, kwa sababu ya jinsi mwanga unavyoakisiwa kwenye manyoya. Usichanganye na ndorobo, yule ana tabia zake, tunamtegea kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, na rangi ya farasi wako haitakulinda naye, ukimpeleka upande wa mbugani ni hatari kwake awe mweupe awe mweusi.

Sasa mzee wa kanisa. Mzee namheshimu, na ni kweli farasi mweupe yupo kwenye Ufunuo, tena yupo zaidi ya mara moja. Sura ya 6 anatoka wa kwanza kati ya wanne, aliyempanda ana uta na anapewa taji, na hapo wafasiri wenyewe hawajawahi kukubaliana, wapo wanaosema ni Kristo na wapo wanaosema ni mshindi wa uongo. Sura ya 19 ndio hakuna ubishi, mpandaji anaitwa Mwaminifu na Wa-kweli, na majeshi ya mbinguni yanamfuata nayo yakiwa juu ya farasi weupe. Hakuna mahali panaposema watu wasipande, na yule aliyeandika alitumia picha ambayo watu wa zamani zake waliielewa, farasi mweupe alikuwa wa mshindi na wa mfalme. Waajemi walikuwa nao watakatifu, Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba mfalme Koreshi akiwa njiani kwenda kuiteka Babeli farasi wake mmoja mweupe mtakatifu alizama mtoni, Koreshi akakasirika akasimamisha jeshi zima kiangazi kizima wakachimba mifereji 360 kuugawa ule mto mpaka mwanamke aweze kuuvuka bila kulowa magoti. Waislamu nao watakuuliza kuhusu Buraq, yule aliyempanda Mtume Muhammad, huyo kwenye hadithi ni mnyama mweupe mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, kwa hiyo usimtangaze farasi wako kwa jina hilo, utawaumiza watu.

Na sababu ya wafalme kumpenda ni ya macho tu, anaonekana kutoka mbali. Wapanda farasi wa walinzi wa mfalme wa Uingereza mpaka leo wapiga tarumbeta wao wanapanda wa kijivu ili waonekane kati ya weusi. Kuonekana huko huko kukawa balaa, mwaka 1914, kwenye vita kuu ya kwanza, kikosi cha jeshi la Uingereza cha Scots Greys kilichojulikana kwa farasi wake wa kijivu ilibidi kiwapake rangi wawe wekundu kule Ufaransa kwa sababu walikuwa shabaha rahisi.

Wateja wako ambao huenda hujawafikiria ni Wahindi. Harusi nyingi za asili ya kaskazini mwa India bwana harusi anafika kwa maandamano akiwa juu ya farasi mweupe, na kwa mila ni jike. Arusha, Dar, Nairobi, Mombasa jamii hizo zipo na zina harusi kubwa. Kwa hiyo kati ya dume aliyehasiwa na jike mtulivu, kwa biashara yako mimi ningeegemea jike.

Jibu langu basi: kwa maelezo uliyonipa usinunue hata mmoja kati ya hao wawili, sio kwamba ni wabaya, ila mmoja utamlisha miaka bila kazi unayoitaka na mwingine atakuweka roho juu kila jua likitoka. Tafuta wa kijivu aliyekwisha kuwa mweupe, miaka kumi mpaka kumi na tatu hivi, umri wake uthibitishwe kwa meno na daktari sio kwa maneno. Farasi akitunzwa anafika miaka 25 na kuendelea, na kazi ya harusi ni nyepesi kuliko mbio, bado ana miaka mingi ya kukuingizia. Uliza chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaosambazwa na visubi, huo unaua wengi sana wasiochanjwa na punda milia wanaishi nao bila kuumwa, na nyie mmezungukwa na punda milia. Halafu siku ya kumjaribu nenda na spika, au ukiweza walete jamaa wa matarumbeta wawili watatu wapige karibu yake, mfungulie mwavuli usoni, mwamshie gari, warushe maua. Rangi haisemi chochote kuhusu utulivu, nimeshughulika na weupe wapole na weupe wanaoruka wakiona mfuko wa plastiki.

Tenga na hela ya usafi. Mweupe akilala kwenye mkojo magoti ya nyuma yanageuka njano na yakikauka hivyo shampuu moja haitoi, lazima matandiko ya bandani yabadilishwe kila siku na aoshwe jana yake ya harusi, asubuhi unamalizia madoa tu kwa kitambaa.

Ukipata mwingine wa kumwangalia niandikie umri wake, rangi ya ngozi ya pua, na picha ya chini ya mkia, nitakujibu kabla hujatoa hela.